Jeneza la Fundi Shomari

Walisema mwanangu anaandikia watu majeneza. Niliyasikia maneno hayo kwanza kisimani, hapa Chemchem, nimeinama kuvuta ndoo, na nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini lakini ya kunifikia, "Huyo ndiye mama yake." Niligeuka. Wote wakawa wanaangalia ndoo zao. Tangu siku ile sikuweza kuyatoa kichwani. Nikipepeta mchele nayasikia, nikisimama kuswali nayasikia, mpaka nikawa sijui nimefikia rakaa ya ngapi.

Mimi ni Mwamvita, mke wa Mabruki. Nimesoma mpaka darasa la nne. Naandika haya kwa mama wenzangu wenye mtoto anayefanya jambo ambalo mtaa haujalizoea, ili wasifanye nilichofanya mimi.

Mtoto wangu ni Mwanne, na wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano. Jambo lenyewe lilikuwa peni. Baba yake anafanya kazi ya kutengeneza njia ya reli huko Bukene, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi kwa treni ya Mwanza. Mwezi mmoja wa mwaka 1955 alirudi na peni ambayo sisi hatujaona mfano wake. Haichovywi kwenye kidau. Wino umo ndani, na nchani ina kipira kidogo cha chuma kinachoviringika. Abiria aliisahau kwenye benchi la stesheni, ikakaa wiki tatu bila kuulizwa, basi akapewa Mabruki. Yeye hajui kuandika. Akampa binti yake.

Kitu cha kwanza alichochora Mwanne ni pasi yangu ya makaa. Nilidhani anaandika barua. Kuchungulia, naiona pasi, na mpini wake niliouzungushia waya baada ya kupasuka, na yule jogoo mdogo wa kufungia mfuniko.

"We mtoto, jogoo ana roho," nikamwambia. "Utaulizwa huko mbele."

"Huyu wa chuma mama. Umewahi kumsikia akiwika?"

Nilicheka. Nilimwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema vyombo havina roho, hakuna ubaya. Basi nikaacha.

Hakufundishwa na mtu. Wino ule haufutiki, kwa hiyo alikuwa anakikalia kitu na kukitazama mpaka unadhani amesinzia, ndipo aweke mstari mmoja. Giza la ndani ya chungu alilitengeneza kwa vistari vyembamba vilivyopishana, kama ukili wa mkeka unavyosukwa. Jua likiwaka sana peni ilitema madoa, naye doa akaligeuza kivuli au kovu la chombo. Asubuhi za baridi iligoma, akaiviringisha viganjani mpaka ikubali. Alichora kata, ungo, kibao cha chapati, chemli yetu yenye kioo kilichochomoka upande. Chini ya kila picha aliandika ni ya nani. "Ungo wa Bi Tausi." "Mtungi wa Mama Ngollo." Mtungi huo ulikuwa wetu, tulinunua kwa Mama Ngollo mfinyanzi, na nyumbani tulizoea kuuita hivyo hivyo. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mkabala na nyumba yetu, hatua ishirini hivi, palikuwa na karakana ya Fundi Shomari, seremala. Mzee wa watu, mcheshi, mkono wake ulijulikana mpaka Nzega. Mwaka ule jeneza la msikitini, lile la kubebea maiti wote, lililiwa na mchwa, akapewa kazi ya kutengeneza jingine. Alilitengeneza kwa mninga mtupu, akakaa nalo wiki nyingi. Watu walipita upande wa pili wa njia, maana nani anapenda kuona chombo kile kikirandwa? Mwanne yeye akachukua kigoda chake akaenda kukaa mbele yake.

Nilikuwepo alipofika, nilikuwa nimepeleka mguu wa kigoda ukatiwe gundi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Leo umekuja kunichora au kuniposa?"

"Nimekuja kuchora jeneza."

"Astaghfirullah! Mwamvita, unamsikia huyu mke wangu? Mume yupo hapa, yeye anataka jeneza!" Akacheka mpaka akashika tumbo, akakaa chini kwenye maranda. Nilidhani ni kicheko. Kisha akamwambia, "Haya, chora. Lakini unitazamie hizi pembe. Hamna msumari hata mmoja humo. Ni ulimi na tundu tu."

Nikawaacha. Hilo mlishike: nikawaacha, nikaenda zangu kubandika chungu, na yaliyosemwa baadaye sikuyasikia.

Picha ilipokwisha fundi aliibandika ukutani mwa karakana. Siku kumi na mbili baadaye Fundi Shomari alifariki, na wa kwanza kubebwa katika jeneza lile alikuwa yeye mwenyewe.

Wanaume walikusanyika mbele ya karakana kungoja maiti atoke. Karani mmoja wa boma aliyekuja mazikoni akaiona karatasi ukutani, akaisogelea, akasoma kwa sauti kama makarani wanavyosoma: "Jeneza la Fundi Shomari." Na chini yake tarehe. Tarehe ya siku kumi na mbili nyuma.

Nimeambiwa waliokuwa karibu na ukuta walirudi nyuma.

Kuanzia hapo mtaa ukawa na kazi moja. Watu walikaa wakahesabu nani amechorewa nini. Mama Ngollo alikuwa na homa, wakasema unaona, mtungi huo. Mwanne akipita, birika linaingizwa ndani. Mwanamke mmoja alifunika mchi kwa kanga, mchi jamani, akausimamia mpaka mtoto alipokata kona.

Jirani yangu Bi Ashura alikuja akakaa barazani kwangu bila kungoja kukaribishwa.

"Mwenzangu, mimi nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Mkono wa mtoto wako una kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi najua? Peni yenyewe ya Mzungu aliyeiacha kwenye benchi. Mzungu anasahau kitu bure? Na mtoto mwenyewe anakitazama kitu hapepesi. Mtazame macho."

"Anatazama ili achore, Bi Ashura."

"Fundi Shomari naye alimtazama?" Akainuka, akakung'uta kanga. "Yuko mzee nyuma ya Ipuli, anatoa vitu kama hivyo. Usingoje Mabruki arudi. Wanaume watabishana, na huku watu wanasema wataichoma nyumba."

Hilo la nyumba ndilo lililonimaliza. Mume hayupo, mimi na mtoto peke yetu. Nikamwita Mwanne jikoni.

"Uliandika wewe yale maneno chini ya jeneza?"

"Niliandika mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Lakini mama, babu mwenyewe ndiye—"

Nilimpiga kofi la mdomo. Sijawahi kumpiga mdomoni kabla ya siku ile. Nilisema, "Usimtaje marehemu!" Naye akanyamaza, maana nilimlea hivyo, mkubwa akisema nyamaza ananyamaza. Madaftari yake mawili niliyatia mafigani mbele yake. Peni niliitupa chooni.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Ipuli. Mzee yule hakuuliza mengi. Alisema kitu kimekaa baina ya kidole cha shahada na cha kati, pale peni inapolala, na lazima kifunguliwe mlango. Mwanne alipouona wembe alirudisha mkono kifuani.

"Mama, usimwache. Mama, niulize kwanza, nitakwambia yote."

Mzee akasema, "Hicho ndicho kinachosema sasa. Mshike."

Nikamshika. Niliubana mkono wa mwanangu kwa mikono yangu miwili, nikaukalia kwa goti, akachanjwa mara saba baina ya vidole. Unga mweusi ukasuguliwa ndani ya damu, kitambaa kikafungwa. Mzee akasema siku saba kisifunguliwe, kisiguswe na maji, kikifunguliwa kabla kitu kinarudi, tena kinarudi kwa mama.

Siku ya pili mkono ulivimba. Nikasema dawa inafanya kazi. Siku ya tatu hakula. Siku ya nne kitambaa kilianza kunuka, nikafukiza udi chumbani ili majirani wasisikie. Mwanne alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana, nami nimekaa pale nahesabu: bado tatu, bado tatu tu. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa hicho kitu kurudi kwangu.

Siku ya tano Mabruki aliingia na treni, siku zake hazijafika. Maneno yalimfuata mpaka Bukene kwa kinywa cha mtu wa breki wa treni. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akakata kitambaa kwa kisu chake.  Alipouona mkono, akambeba binti wa miaka kumi na mitano mgongoni kama mtoto mchanga, akaenda naye hospitali kwa miguu, nami nawafuata nyuma bila viatu.

Muuguzi aliyetupokea, jina lake Silasi, kijana mpole wa kanisa la Kimoravi, alimsafisha bila kutugombeza. Aliniambia tu, "Mama, ungemleta siku ya pili, tungeviokoa vidole."

Walikata kidole cha shahada na kidole cha kati. Kidole gumba kikabaki lakini hakikunjiki.

Mabruki hakunifukuza. Heri angenifukuza. Alirudi Bukene kazini, na kwa miezi mingi maneno aliyoniambia ni ya chumvi na mafuta ya taa.

Sasa sikilizeni hili. Mjane wa fundi, Bi Mwanahawa, alikuwa ndani kwa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, mnajua. Wanawake wengine walikwenda kukaa naye, lakini ya mtaani hawakumpelekea, walisema mfiwa asitiwe kelele. Mimi niliyekuwa na haja naye kuliko wote sikukanyaga. Niliona aibu. Nitaingiaje kwa mjane, na mtoto wangu ndiye anayesemwa? Hatua ishirini, na sikuzikata.

Siku eda ilipokwisha, nyumba ya kwanza aliyokuja ni kwangu. Amevaa nguo mpya, na mkononi ana ile karatasi aliyoitoa ukutani.

"Bi Mwamvita, nimekaa ndani namngoja mke mwenzangu aje, haji. Nikasema labda ana masomo. Nimemletea picha yake, aitunze. Marehemu aliipenda sana hii." Akacheka kidogo. "Yeye alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, hizi za shule hakuzijua. Alinisimulia jioni ile, amefurahi. Alimwambia mtoto: mke wangu, niandikie jina hapo chini, watu wajue kazi hii ya nani. Mimi nimetengeneza vitanda na milango ya nusu ya mji huu, hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina langu. Mtoto akamwambia, babu, mimi naandika kila mara aliyetengeneza, hata mtungi wetu nimemwandika Mama Ngollo."

Niliipokea karatasi. Nilimwuliza tu, "Na tarehe?"

"Tarehe yeye aliitaka. Alijua hana siku nyingi. Tumbo lilimla tangu Ramadhani, akanikataza nisimwambie mtu mpaka amalize jeneza." Akatazama huku na huku. "Mwanne yuko wapi?"

Mwanne alikuwa uani. Alitoka, akampa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Bi Mwanahawa hakuelewa kwa nini msichana mwenye adabu vile anasalimia kwa kushoto. Kisha akaelewa. Akakaa chini palepale kwenye vumbi na nguo yake mpya.

Hiyo imepita miaka mitatu sasa. Mkono wa kushoto alijaribu mara moja, kwa peni nyingine ambayo baba yake aliinunua. Alichora bakuli. Aliitazama karatasi, akaikunja, akawashia moto, akaendelea kupika. Akiwa kwenye tahiyatu ya swala, pale wengine wanaponyoosha kidole cha shahada, yeye ananyoosha kisiki. Hanilaumu kwa mdomo. Ananiitikia, ananipikia, ananichotea maji. Akikaa peke yake naona bado anatazama vitu: sufuria, kamba ya ndoo, mguu wa meza. Anatazama muda mrefu kama zamani, halafu hakuna anachofanya.

Mwezi uliopita Bi Ashura alikuja, maana mtaa mzima sasa unajua. Alileta birika kuukuu limefungwa kwenye kitambaa.

"Mwanangu Mwanne, hili la marehemu mama yangu. Limetoboka, nataka kulitupa, lakini nilisema kabla ya kulitupa... wewe ulikuwa unachora vizuri mno."

"Shikamoo bibi," Mwanne akasema. Akalipokea birika kwa kushoto, akaligeuza, akalitazama ndani na nje, akamrudishia. "Ni zuri. Mpelekee mtu wa kuziba, tundu ni dogo."

Akaingia ndani. Bi Ashura alilia pale barazani, nami sikumbembeleza.

Mama wenzangu, msifanye haya:

Usimkatize mtoto anapojibu. Mwache afike mwisho.

Usichukue neno la kisimani ukalitenda kabla hujawauliza waliokuwepo.

Usiache kwenda kwa mfiwa kwa ajili ya aibu yako.

Usiamini maandishi uliyosomewa na mwingine. Mwulize aliyeandika ana maana gani.

Usichome daftari la mtoto.

Usiandike jina la mtu chini ya jeneza, hata akiomba mwenyewe. Najua Mwanne hakukosa, lakini usiandike.

Usimshike mtoto mkono ili mtu mwingine amkate.

Unga wowote usitiwe kwenye kidonda.

Kidonda kikivimba au kikinuka, usihesabu siku za mganga. Fungua, peleka hospitali siku hiyo hiyo.