Damu ya Mtoto wa Bernadina
Damu ya Bernadina wa Endagikot ni ya kundi hasi (Rh hasi), haipatani na ya watoto anaozaa na mumewe Yoakimu, na mtoto wao wa mwisho alizaliwa amekufa. Sasa ana mimba tena. Daktari wa Mbulu aliposoma majibu ya damu yake, alimgeukia.

“Mama, kinga za mwili wako zinazoharibu damu ya mtoto zimepanda sana.”

“Kwa hiyo ameishiwa damu?” aliuliza Bernadina.

“Damu yako inatuonya tu. Lazima mtoto mwenyewe aangaliwe kwa ultrasound.”

Kesho yake, katika hospitali ya rufaa, mpimaji aliutazama kwa muda mrefu mshipa wa kichwani mwa mtoto, ambamo damu hukimbia kasi zaidi mtoto akipungukiwa damu. Bernadina alimshika Yoakimu mkono.

“Leo damu inamtosha,” mpimaji alisema hatimaye. “Lakini kinga zile bado zinaweza kuiharibu, kwa hiyo mrudi wiki ijayo tumpime tena.”

Bernadina alishusha pumzi, kisha akaanza kuiogopa hiyo wiki ijayo.