Vakansi ya Honorable Nicolas

Jumanne ya mwisho ya Agosti, saa nne asubuhi, Adolphine alikuwa anageuza juani ndagala zake, dagaa wa ziwa letu, hapa Baraka, moto ya Vainqueur, pikipiki yake ya abiria, iliposimama mbele ya nyumba na baba yake akashuka. Suruali ya baba ilikuwa imeloa mpaka magotini, kwa sababu njia ya Nundu haina daraja. Adolphine alinawa mikono, akamletea kiti.

Baba yake ana miaka thelathini na moja. Adolphine ana sitini na nane.

Tueleze, maana wageni huuliza. Nicolas alichaguliwa mbunge katika bunge la kwanza la jamhuri, mwaka wa sitini, akaenda Léopoldville, mji mkuu wa wakati ule, akamwacha binti wa miaka minne mlangoni. Huko bunge likasimamishwa, askari wakazuia mlango, na Nicolas akafa. Namna gani, hatujui, barua haikuja. Lakini kikao chao hakuna aliyekifunga, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Basi kila vakansi, bunge likienda likizo, anarudi kusikiliza shida za watu waliomtuma. Wabunge walio hai hatuwaoni. Huyu hajakosa hata mara moja.

Watu walikuja na viti vyao vya plastiki. Nicolas alifungua kaye, daftari lake, akasoma shida ya kwanza, ileile ya siku zote: daraja.

"Bado?"

"Bado, Honorable."

Aliandika: bado.

Kwa kawaida Adolphine hasemi kitu. Anamwita papa, lakini hapa kwetu kila mwanaume mzima ni papa. Naye baba anamwita mama, kwa heshima ya mvi zake. Inamuuma, asikudanganye mtu. Safari hii alisimama. Novemba iliyopita binti yake Gentille alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye moto kumpeleka hospitali ng'ambo, wakakuta mto umejaa. Walikaa wakingoja maji yapungue toka asubuhi. Saa tisa Gentille alikufa pale kwenye majani, mtoto akiwa bado tumboni.

"Andika Gentille," Adolphine alisema. "Alikuwa mujukuu yako. Mi niko Adolphine, papa. Uniangalie."

Nicolas alimwangalia. Tusimwonee, alimwangalia kweli, hata kalamu aliiweka chini.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini Adolphine wangu iko na miaka ine. Atazaa namna gani?"

"Amekuwa mukubwa."

"Lini? Kikao haiyaisha."

Hakuna aliyecheka. Marthe, jirani, aligeuza uso akajifanya anafukuza kuku kwenye ndagala.

Walipomaliza shida zote, za shule, za maji, za ng'ombe kwenye mashamba ya mihogo, Nicolas alitoa kwenye mkoba viatu vidogo vyekundu vilivyofungwa kwenye gazeti. Huja navyo kila vakansi.

"Ukimuona Adolphine, umupatie. Umuambie baba yake anakuja."

"Nitamuambia."

Watoto wengi wa mtaa wetu wameanza shule na viatu hivyo. Ni viatu vigumu, havitoboki upesi. Vile vya mwaka jana Adolphine alikataa kuvigawa, aliviwekea mtoto wa Gentille. Mpaka leo viko juu ya kabati.

Alimsindikiza mpaka mtoni, wote wawili nyuma ya Vainqueur kwenye moto, yeye akimshika baba yake kiunoni. Kabla ya kukunja suruali, Nicolas alimfungulia kaye, aone kwamba kazi imefanyika. Adolphine alitafuta miwani. Chini ya neno daraja, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri, palikuwa pameandikwa: Mama mmoja wa Baraka amefiwa na binti.

"Ni vile?"

Alisoma tena.

"Ni vile, papa."

Akavuka, kaye juu ya kichwa isiloe. Adolphine alilia njia nzima ya kurudi, na Vainqueur alipunguza mwendo kwenye mashimo.

Jumatatu Rosette, mtoto wa Marthe, alianza shule na viatu vyekundu. Oktoba mvua zilikuja, mto ukaanza kupanda, na mke wa Vainqueur alikuwa na mimba ya miezi minane.