Kaniki ya Bi Kudra Jukwaani

Bibi Hajira alikuwa ameahidi kupiga makofi, apende asipende. Igizo la nyimbo la kundi la mjukuu wake Rukaya lilizomewa Korogwe, palepale binti alipoanza kurapu. Muhsin, kiongozi wa kundi, akasema Handeni nako wakizomea, kipande hicho kinatoka, na Rukaya atabaki kuvuta mapazia.

Basi Hajira akatoka Kang'ata na shoga yake Bi Kudra, wakakaa mstari wa mbele ukumbini Handeni, kwenye viti vya plastiki vilivyofutwa vumbi upande mmoja tu.

"Hiyo rapu ndiyo nini?" Kudra aliuliza.

"Ni kuimba kwa mtu anayekimbilia basi."

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha Rukaya, mke aliyeachwa katika igizo, akasimama katikati, watu wakingoja wimbo wa kilio. Badala yake akainama, mkono ukikata hewa, maneno yakamtoka kama mahindi ya gunia lililopasuka. Hajira hakuambulia hata moja. Mke gani wa talaka ana pumzi zote hizo?

Nyuma miluzi ikaanza.

"Mpeni maji huyo!"

"Anapiga mnada?"

Hajira akapiga makofi kama anayefukuza kuku. Alipogeuka amhimize mwenzake, kiti kilikuwa kitupu.

Bi Kudra, msaidizi wa siku nyingi katika ngoma za pepo, ambako pepo huulizwa haja yake na jina lake, alikuwa ameshapanda jukwaani. Mtu anasema mbio bila kupumua, macho yamemtoka, mkono unarukaruka: kwake huyo alikuwa amepandwa. Akavua kaniki yake nyeusi begani, akamfunika Rukaya gubigubi.

"Taire," alisema kwa upole, kama pepo anavyoamkiwa. "Taratibu, mgeni. Wataka nini?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Muhsin alijishika kichwa. Hajira akatazama viatu vyake. Mapazia hayo, Rukaya ameshayapata.

Kisha sauti ikatoka chini ya kaniki, polepole.

"Nataka sufuria zangu alizochukua."

"Taire," Kudra akaitikia.

"Nataka shamba nililolima mimi."

"Taire," wakaitika wanawake wote wa mbele, na waliopiga miluzi nao wakafuata. Hadi mwisho, Rukaya hakuacha mstari upite bila kuwapa nafasi ya kuitika.

Baadaye Muhsin alikuja mbio, amejaa tabasamu. "Shikamoo bibi. Umeona rapu ilivyopendwa? Rukaya anabaki, na Korogwe tunarudi."

"Marahaba. Rapu ipi, baba? Ile waliyoizomea, au hii mliyofundishwa na mwenye kaniki?"

Muhsin akakuna shingo. Rukaya akacheka, kaniki bado mabegani.

"Na wewe uwe unavuta pumzi," Hajira alimwambia.

Kudra alikuwa bado anamkagua binti machoni. Akamvuta Hajira kando.

"Shoga, ametaja sufuria, ametaja shamba," alinong'ona. "Jina lake pepo mbona hajataja?"