Funguo Mbili za Ghala la Maafa

Mpango wa dharura wa halmashauri ulikuwa kitabu cha kurasa tisini, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa na watu ambao hawajawahi kuloweshwa hata na manyunyu. Kilieleza nani apige king'ora, nani afungue madarasa ya shule ili watu wapate pa kulala, nani awaite zimamoto, nani azungumze na waandishi wa habari na avae nini siku hiyo. Ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa na akili, ule wa ghala, na huo aliuandika mtunza ghala mwenyewe. Ghala la maafa liwe na makufuli mawili. Ufunguo mmoja ukae kwa mtunza ghala, wa pili kwa mratibu wa maafa, na mlango usifunguke mpaka wote wawili wasimame mbele yake. Mtu mmoja hujaribiwa, aliwaambia kwenye kikao, wawili huoneana haya.

Kazini walimwita Bibi Funguo. Ufunguo wake ulining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, mchana na usiku, mpaka mumewe akawa analalamika kwa majirani kwamba alioa mke mmoja akaletewa na kufuli juu.

Mratibu wa maafa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Aliingia nyumba ile akiwa darasa la tano, na sanduku la bati na nguo mbili, moja imechanika. Bibi Funguo alimlisha, alimfulia, alimkeshea alipougua. Tangazo la kazi ya mratibu lilipobandikwa, ni yeye aliyelinakili ubaoni na kumpelekea, na ni yeye aliyemfundisha tofauti ya hema na turubai kabla ya usaili. Ungemwambia siku zile kwamba kikulacho ki nguoni mwako, angekuuliza unamsema nani.

Kila mwisho wa mwezi wawili hao walifanya ukaguzi. Walifungua makufuli, wakahesabu mablanketi, mahema, taa na maboya ya kuvaa. Halafu walishuka kwenye kitu chenyewe, injini ya boti. Boti ilikuwa ya mpira, imekunjwa vizuri, na injini yake ilisimama kwenye kigoda cha chuma karibu na ukuta. Ilibidi itumbukizwe mkia kwenye pipa la maji na kuwashwa dakika tano, maana injini isiyowashwa huzoea kulala kama mtu. Moshi ulijaa ghalani, wakatoka nje wanakohoa na kucheka, wakatia saini fomu juu ya boneti ya gari. Ilikuwa kazi ya kuchosha na Bibi Funguo aliipenda kupita zote.

Mapema mwaka ule mumewe akafariki. Wiki ya msiba alikaa kwenye mkeka, hajui jua limechomoza wala limezama. Shemeji akaja akachutama mbele yake, macho mekundu, akamwambia, "Shemeji, hili la ghala lisikusumbue. Nipe ufunguo nikae nao mpaka utakaposimama." Mama mkwe, aliyeketi bega kwa bega naye, akamgusa mkono. "Mpe mwenzio, mwanangu. Pumzika." Bibi Funguo akaivua kamba shingoni. Baada ya siku sita ufunguo ukarudi.

Kuanzia hapo, mwisho wa mwezi shemeji alikuja nyumbani na fomu imeshajazwa. "Nimeshapita mwenyewe, kila kitu kipo. Wewe bado una majonzi, tia saini tu." Akapewa chai, naye Bibi Funguo akatia saini. Ufunguo mmoja haufungui mlango wenye makufuli mawili. Yeye ndiye aliyeiandika sheria hiyo kwa mkono wake, na miezi saba hakujiuliza hata mara moja huyu mtu amepitaje mwenyewe. Kumshuku shemeji yake kungekuwa sawa na kuishuku nyumba yake.

Mwezi wa nane mto ulikuja, saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi.

Na tuseme ukweli, halmashauri ilijitahidi. King'ora kililia kwa wakati. Walimu walifungua madarasa, wenyeviti wa mitaa walipita mlango kwa mlango, wagonjwa wakabebwa kwa viti. Saa tano kasoro zimamoto wanne walifika ghalani kuchukua boti, kwa sababu mtaa wa chini ulikuwa umekatika na watu tisa wako juu ya mapaa. Bibi Funguo alifungua kufuli lake, shemeji akafungua lake. Boti ilikuwepo. Injini ilikuwa imefunikwa turubai kwenye kigoda chake. Bibi Funguo akalivuta turubai. Chini yake yalikuwa magunia mawili ya mchanga, yamepangwa kwa ustadi hadi yakapata umbo la injini.

"Injini iko wapi?" aliuliza mkuu wa zimamoto.

Bibi Funguo alimgeukia shemeji yake. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Walikwenda na makasia. Vijana wale walipiga kasia kama watu waliolaaniwa, wakawatoa watu wanane kwa saa mbili na nusu. Wa tisa alikuwa fundi viatu, juu ya kibanda chake kwenye mkondo mkali kabisa, anapunga aproni yake ya ngozi. Boti ilimkaribia mara tatu na mara tatu maji yakairudisha. Kwa injini ilikuwa safari ya dakika tano. Bibi Funguo alisimama ukingoni, maji yamemfika magotini, akamwona akiacha kupunga, akakaa, halafu kibanda kikaondoka naye.

Kesho yake shemeji alikuja nyumbani. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mchele, kwa sababu miguu yake ilikuwa imemkataa na kazi za kukaa ndizo zilizombakia. Shemeji hakumsubiri mtu amkaribishe.

"Shemeji, niliiazimisha tu," alisema. "Yule mchimba mchanga wa kule mtoni, injini ya boti yake ilikufa, akaniomba siku mbili. Siku mbili zikawa miezi. Kila nikimfuata, kesho, kesho. Jana nampigia, simu imezimwa."

"Na mlango uliufungua vipi?"

"Nilichongesha ufunguo wako."

"Lini?"

Akamtupia mama yake jicho.

"Nakuuliza lini."

"Wiki ile," alisema. "Ya msiba."

Bibi Funguo akakumbuka macho yale mekundu. Kaburi la kaka yake lilikuwa bado na udongo mbichi, mke wa kaka yake yuko kwenye mkeka, naye yuko kwa fundi anachongesha ufunguo. "Ulikuwa unalia," alimwambia. "Nilikuona kwa macho yangu unalia."

"Nililia kweli, shemeji. Wallahi nililia." Halafu akavuta kiti karibu. "Sasa sikiliza. Jumanne kamati ya maafa inakaa. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu. Sema ulipoteza ufunguo, mtu akauokota; wangu nitasema huwa nauacha kwenye droo ya ofisi. Watakupa onyo, yataisha. Mimi nikisema, nafungwa. Nina watoto watatu wadogo."

"Fundi viatu alikuwa na wangapi?"

"Shemeji, nisitiri."

"Nikusitiri kwa nguo ipi, nawe umenivua zote? Toka nyumbani kwangu."

Alitoka. Bibi Funguo alibaki amesimama katikati ya sebule. Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua, ungo umetulia mapajani.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na siku ile ya ufunguo ulikuwepo. Ni wewe uliyeniambia nimpe."

"Nilikuwepo."

"Utakuja kuwaambia?"

Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nitakuja, mwanangu. Haki ni haki hata kama ni chungu."

Basi Bibi Funguo akalala. Miaka tisa alikuwa anamwogesha mama huyu, anampaka dawa magotini, anamkatia kucha za miguu, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atahitaji malipo. Aliona neno lile tu linatosha.

Jumanne alimvalisha gauni lake la heshima, akamkodia teksi, akampandisha ngazi za halmashauri taratibu, wakipumzika kila hatua ya nne. Mama akakaa kwenye kiti cha korido, Bibi Funguo akaingia ukumbini.

Mkurugenzi wa halmashauri ndiye aliyeongoza kamati. Alipanga fomu saba mezani.

"Saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Zote zangu."

"Zinasema injini ipo, na imewashwa dakika tano. Uliiona ikiwashwa?"

"Sikuiona. Aliniambia ameiwasha, nikamwamini." Akaeleza yote, tangu mkekani hadi magunia ya mchanga na yale shemeji aliyokiri Jumapili, bila kujipunguzia lake. "Kosa la kutia saini ni langu na nitalibeba. Injini sikuichukua mimi."

Shemeji aliposimama, hakupaza sauti. Laiti angepaza! Aliongea polepole, kwa huruma, kama mtu anayemtetea mgonjwa. "Huyu ni mama yangu wa kunilea, waheshimiwa. Tangu tumzike kaka yangu hayuko sawa, sote nyumbani tunajua. Fomu alizileta yeye, nikazisaini kwa kumwamini, na simlaumu. Wangu hukaa kwenye droo ya ofisi, na yeye anaijua. Lakini ufunguo wake sijawahi kuushika hata siku moja."

Bibi Funguo alimtazama akirudi kukaa. Alijua mtoto huyu anavyodanganya. Alipokuwa mdogo alikuwa akidanganya kuhusu sukari, anashika sikio. Leo hakushika sikio. Alikuwa amekua.

"Kuna aliyeona ukimpa?" aliuliza mkurugenzi.

"Yupo. Mama mkwe wangu. Ni mama yake mzazi, hana sababu ya kumsingizia."

Wakamwingiza, wakampa kiti na maji. Mkurugenzi akainama kumsogelea. "Mama, wiki ya msiba wa mwanao mkubwa, ulimwona mkweo akimkabidhi mratibu ufunguo?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Siku zile nilikuwa nalia," alisema. "Sikuona kitu."

"Mama!" Bibi Funguo aliinuka.

"Tafadhali, keti," alisema mkurugenzi. "Na Jumapili nyumbani, mama, hukumsikia mratibu akikiri?"

"Masikio yangu ya uzee, mwanangu. Hayakamati tena."

Hayakamati! Masikio yaliyokuwa yanasikia kifuniko cha sufuria kikifunguliwa nyumba ya tatu. Bibi Funguo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na hakuweza hata kimoja.

Kamati haikuchukua muda. Mtunza ghala asimamishwe kazi leo, faili liende polisi, akabidhi alichonacho. Bibi Funguo akaivua kamba, nywele zikanasa kwenye fundo, akaivuta kwa nguvu. Akaweka ufunguo mezani.

"Nauliza swali moja," alisema. "Mpaka mpate mtunza ghala mwingine, ufunguo huu atakaa nao nani?"

Mkurugenzi aliangalia kitabu cha mpango wa dharura, akageuza kurasa, hakuona. "Mratibu," alisema. "Kwa muda."

"Zote mbili?"

"Kwa muda, nimesema."

Shemeji akanyoosha mkono akauchukua. Hakuna aliyeona ajabu, isipokuwa mkuu wa zimamoto, aliyeinua macho, akayashusha tena kwenye karatasi zake.

Koridoni mama mkwe alikuwa anamsubiri, mkono umenyooshwa tayari kushikwa. Bibi Funguo akaushika. Walishuka ngazi wakipumzika kila hatua ya nne, na kwenye pumziko la pili mama akamgeukia.

"Mmoja nimeshamzika," alisema. "Ulitaka wa pili nimpeleke jela kwa mdomo wangu?"

"Uliniahidi, mama."

"Niliahidi sijamwona usoni. Nilipomwona, nikashindwa."

"Na mimi je? Mimi nikienda jela?"

"Wewe una nguvu. Siku zote una nguvu."

"Miaka tisa unaniita mwanangu."

Mama mkwe alisimama kwenye ngazi ya mwisho, anahema. Hakuwa mtu mbaya, na alisema lile neno bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei ya kitu ambayo kila mtu anaijua. "Wewe ni mwanangu," alisema. "Lakini wewe sikukuzaa."

Bibi Funguo alimfikisha kwenye benchi la nje, kivulini. Akamketisha, akamwekea chupa ya maji na dawa zake za saa nane kwenye mapaja, akamrekebishia mtandio begani. Mikono ilifanya kazi yake ya miaka tisa, kwa upole uleule, na yeye mwenyewe akaishangaa.

"Teksi iko wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Msubiri uliyemzaa. Yuko juu, anashuka sasa hivi."

"Mkewe hanitaki kule, unajua."

"Najua, mama."

Akaanza kwenda. Nyuma yake aliitwa, mwanangu, mwanangu wee, mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa hofu. Bibi Funguo alikuwa analia sasa, waziwazi, barabarani, mchana kweupe. Hakurudi.