Msiba wa Diwani Aliye Hai

Diwani Mujuni alisifika kwa jambo moja: hakosi msiba. Mkutano wa kijiji ukiitishwa huku Muleba, homa inampanda hukohuko kwake Rwamishenye, Bukoba mjini. Ukitangazwa msiba, anafika kabla sufuria haijainjikwa.

Restituta, mkulima wa kahawa kijijini, alikuwa ameliona hilo kwa miaka mitatu, tangu mvua ilipozoa daraja la mto. Kahawa yake aliivusha juu ya gogo moja, gunia kichwani, na wiki hii gogo lenyewe lilikuwa limeanza kulia. Barua za kuomba daraja alishamwandikia diwani nne. Sasa akapiga simu.

“Mheshimiwa, tumefiwa. Mtu mkubwa.”

Saa mbili hazikupita, Mujuni huyo, suruali imelowa hadi magotini, miwani myeusi usoni. Akakuta nyasi zimetandazwa, watu wamekaa chini, wanalia. Jina la marehemu hakuuliza. Akasimama na hotuba yake ileile ya misiba yote.

“Tumepoteza mtetezi! Pengo lake halitazibika!”

“Miaka mitatu sasa, halijazibika,” akaitikia mzee Rutaihwa.

Mujuni akainama kwa Restituta. “Mama, marehemu ni nani hasa?”

“Ni wewe, waitu, mheshimiwa wetu.”

“Mimi? Si mnaniona!”

“Tumekuona leo tu. Mtu akipotea hivyo tunamlilia, kisha tunamsimika mrithi. Mrithi ni mimi. Alhamisi nakaa kwenye kiti chako cha halmashauri.”

Mujuni akageukia njia. Rutaihwa akamwekea fimbo mbele. “Unakwenda wapi? Umeona wapi marehemu akaondoka kabla ya kuzikwa?”

Wakamkalisha hapo matangani. Siku ya kwanza akabisha, akataja sheria na vifungu vyake. Siku ya pili akala ndizi za matanga yake, akaomba aongezwe. Siku ya tatu vijana wakaja na kamba kumpima urefu, na majembe yakaanza kusikika migombani. Hapo akamkumbuka mhandisi wa halmashauri.

“Leta mbao za daraja leo!” akapiga kelele simuni. “Leo, bwana! Kesho nazikwa!”

Mbao zikaja, na mafundi wanne. Mujuni mwenyewe alishika boriti, maji kiunoni, Rutaihwa akimwelekeza kutoka ukingoni kama anayeswaga ng'ombe. Kazi ilipokwisha, Restituta akapita na gunia lake, kila ubao akiukanyaga mara mbili. Akageuka.

“Ondoeni nyasi,” akawaambia waombolezaji. “Amepona.”

“Na zahanati je?” Rutaihwa akauliza.

Restituta akamtazama diwani, aliyekuwa akikamua soksi.

“Kwa zahanati, itabidi afe tena mwezi ujao.”