Sababu ya Kushuka kwa Alama

Kwenye fomu ya chuo kulikuwa na kisanduku kimoja kilichobaki kitupu siku nne. Mwombaji aeleze kwa nini alama zake zilishuka mwaka wa tatu. Mjukuu wangu alikuwa amejaza mengine yote kwa mwandiko wake mzuri, akafika hapo akaweka kalamu chini.

Sababu tulikuwa tunaijua mimi na yeye tu. Mwaka ule mama yake, binti yangu wa kumzaa, aliugua akili. Si ule ugonjwa wa kupiga kelele barabarani. Alikaa kwenye cherehani yake kama kawaida, ila badala ya kushona, alifumua. Gauni la mteja limekwisha, yeye anachukua wembe, anaachanisha mshono mmoja mmoja mpaka vinabaki vipande. Ukimnyang'anya wembe, anatumia meno. Ikifika saa tano asubuhi dawa zinamlaza, ndipo mjukuu wangu anaketi pale kuunga upya, maana macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Shuleni walimwona Jumatatu, pengine na Alhamisi. Miezi saba. Kutoka sabini na nane akaja na thelathini na moja.

Mama yake akapona. Hakumbuki kufumua hata uzi. Anachokumbuka ni kwamba alichoka sana, na kwamba pamoja na uchovu ule hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Huwaambia watu, "Mimi niliumwa nikiwa kazini, na mkono haukutetereka." Daktari aliniambia nimwachie hilo, kwani hana jingine la kushika.

Mwalimu wa taaluma alimwambia mtoto kwamba kama kulikuwa na ugonjwa nyumbani aandike, wakubwa wa chuo wanaelewa. Pasipo sababu ya maana hawafungui hata ukurasa wa pili. Ila mlezi lazima asome maelezo na atie sahihi, na mlezi kwenye karatasi zote za shule ni mama yake. Niliomba nitie mimi. Mwalimu alikataa kwa heshima, akaniita bibi mara tatu.

Nikamwambia mjukuu wangu tuseme ukweli tu, mficha maradhi kifo humuumbua. Akacheka kidogo.

"Bibi, akisoma hivyo ataanza kufumua tena. Na mimi uzi umeniishia."

Siku ya tano akaandika mstari mmoja: Nilikuwa mvivu, nilipenda kulala kuliko kusoma.

Binti yangu aliusoma mara mbili, kidole kikifuata maneno, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Kisha akaanza. Kwamba yeye mgonjwa anashona, mtoto mzima wa afya amelala. Kwamba hajaona mtu aliyepewa kazi ya kukoroma. Mwisho akashusha sauti, na hiyo ndiyo inayouma.

"Ungenitazama mimi tu, ungejifunza."

"Ndiyo, mama," mtoto akasema. "Nisamehe."

Mama yake akatia sahihi kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nilikuwa pale pale mlangoni, nachambua mchele. Maneno yalinifika kwenye meno, nikainamia ungo. Nilikuwa na wawili wa kuokoa, na ukweli ulimtosha mmoja.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita kwenye simu ya mwalimu. Waliandika kwamba nafasi ni chache, na chuo kinatafuta vijana wenye bidii. Mjukuu wangu akairudisha simu, akashukuru.

Wiki hiyo hiyo mama yake akamsogezea kiti. Alisema kwa kuwa vitabu vimemshinda, basi walau ajue kazi ya mkono. Akamwonyesha jinsi ya kutunga uzi, jinsi ya kuzungusha gurudumu. Mtoto akatazama kama mtu ambaye hajawahi kuona cherehani. Mshono wake wa kwanza ulikwenda upande, makusudi kabisa. Niliujua, kwani mishono yake naijua.

"Taratibu," mama yake akamwambia, akamshika kiganja. "Huwezi kukosa kabisa, wewe si damu yangu?"

Huu ni mwaka wa pili. Anapewa pindo za sare za shule tu, na mama yake huwaambia wateja kwamba siku hizi anaanza kuelewa.