Mguu wa Sixtus na Ngazi Thelathini na Moja

Akina mama wa Mpepai walikuwa wakipalilia maharage kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni, mguu wa kulia wa Sixtus uliporudi. Ulikuja peke yake, umevaa buti la jeshi, ukipita juu ya kingo bila kukanyaga hata mche mmoja. Mgeni angekanyaga. Ndipo Tadea, mama yake Sixtus, akajua ni wa nyumbani.

"Umechelewa," akauambia, akaumwagia maji kuutoa tope.

Sixtus alikuwa ameuacha nchi ya mbali miaka tisa nyuma, alikokwenda kulinda amani. Akajaribu kuurudisha mahali pake, ukakataa. Ulishazoea kutembea wenyewe. Basi, yeye akabaki na magongo yake, mguu ukazunguka vijiji. Ukifika kwa mtu unasimama mlangoni mpaka amalize shida zake zote, hata awe na maneno mengi namna gani.

"Huu unasikiliza kuliko mbunge," akasema Beata, muuza dagaa wa ziwani. "Na hauahidi kitu!"

"Haya, mwenye mguu agombee," akajibu Tadea.

Sixtus akajaza fomu. Kasheshe ikawa ofisi ya kuipokea. Ilikuwa ghorofani, ngazi thelathini na moja, nyembamba, na fomu lazima irudishwe na mgombea mwenyewe kabla ya saa kumi. Muhuri hauruhusiwi kushuka. Kubebwa Sixtus hakutaka. Alishabebwa siku ile bomu lilipomkata mguu, ikamtosha. Saa tisa na nusu mguu ukachomeka fomu kwenye buti, ukapanda.

Karani Asnath, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akafungua kanuni, akasoma polepole.

"Wanasema mgombea mwenyewe," akasema. "Hawakusema mwenyewe mzima."

Akagonga muhuri.

Oktoba Sixtus akashinda. Ngoma ya mganda ikachezwa siku mbili, mguu mstari wa mbele, Sixtus akipuliza filimbi, Tadea akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Bungeni Dodoma swali lake la kwanza lilihusu zile ngazi. Akajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Mwezi uliofuata zikapakwa rangi ya kijani. Bado ni thelathini na moja.

Mguu haukwenda Dodoma. Kila Jumanne unangoja pale chini, na wasioweza kupanda wanauchomekea karatasi zao. Bibi Albina, ambaye magoti yake yamegoma, ndiye huufunga kamba za buti ukishuka.

"Pole na ngazi, mheshimiwa," huuambia.